Kitenzi cha Herufi Kumi

Mwalimu Kaheeru alikiandika ubaoni,
kitenzi cha Kiingereza cha herufi kumi,
g mbili katikati zimeegemeana
kama wapagazi wanaopumzika.
"Asili yake," akasema, "ni kurundika.
Warumi walirundika udongo, baadaye maneno."
Dirishani tuliona marundo ya kweli,
ya kijivu, yamefunikwa nyasi kando ya ziwa,
yakingoja lori la kutoka Beni.

"Na kwa Kiswahili tunasemaje?"
Kule, mtoto wa dalali, hakunyoosha hata mkono:
"Kutia chumvi!"
Darasa zima la Katwe likaangua kicheko,
maana hapa nani anatia chumvi?
Hapa chumvi inatolewa.
Inabanduliwa kwa mtaimbo chini ya maji,
inapandishwa chelezoni, inakokotwa,
inauzwa, bei ikishuka inalaaniwa.
Kuitia ni kazi ya watu wa mbali,
wenye mchuzi.

Nikaandika daftarini kwa mwandiko wa kubana,
kalamu ilikuwa ya kuazima:
*tia chumvi, kuongeza jambo lisilokuwepo.*
Mfano wa sentensi nikaukosa.
Nyumbani kwetu hakuna aliyeongeza kitu.
Baba, Thembo, alishinda ziwani maji ya kiuno,
akirudi miguu imepasuka kama tope la Januari,
ukimwuliza, "Nimejikuna."
Gunia la kilo themanini aliliita kamzigo.
Mwaka ule mvua ilipoyeyusha mabwawa yetu yote matatu
alikaa kizingitini, akavua kofia,
akasema, "Kumenyesha kidogo."

Mwalimu alikuwa na neno jingine, kupiga chuku.
Hilo nililijua kwa ngozi.
Bibi yangu wa Bwera alikuwa na pembe ya ng'ombe,
anachanja, anafyonza, anaziba kwa nta,
na pembe ikitoka inaacha uvimbe
mkubwa kuliko ugonjwa.
Nilieleza hivyo kwenye mtihani.
Nikapewa nusu alama.

Kisha Aprili, kidonda cha baba kikatoa harufu.
Mama alimpakia bodaboda hadi kituo cha afya,
akamweleza nesi:
kimefika mfupani,
usiku anauma blanketi,
nzi wanakijua kwa jina.
Nesi aliandika bila kuinua macho.
"Mama, usitie chumvi."

Mama akanyamaza kidogo,
kama mtu anayetafuta chenji.
"Hiyo sikuitia mimi, sista.
Iliingia yenyewe. Fungua uone."

Kitambaa kilikuwa kikavu, cheupe pembeni,
kinakwaruza.
Nesi alifungua.
Akaweka kalamu chini.

Sasa ni mimi ninayefundisha kitenzi hicho,
Kasese mjini, shule yenye madirisha ya vioo.
Watoto wananiletea mifano minono:
kambare mrefu kuliko mtumbwi,
mjomba aliyemaliza mikungu mitatu ya matoke
akauliza chakula kiko wapi,
njaa ya kumla tembo na mkonga wake.
Ninawapa vema. Wanastahili.
Ila sijawahi kuwapa kinyume chake,
neno la mtu anayepunguza, na kupunguza,
mpaka kinachobaki
unaweza kukifunga pembeni mwa leso.
Nimelitafuta katika kamusi mbili.

Likizo nikamwuliza yeye mwenyewe.
Alikuwa uani anaota jua,
mguu mmoja juu ya kigoda,
wa pili haupo.
"Baba, watu wanaosema kama wewe wanaitwaje?"
Alifikiri kwa muda, akafukuza kuku.
"Kama mimi vipi?" akasema.
"Mimi nasema ilivyo tu."